Kidole kwanza, jina baadaye: jinsi ya kujifunza mifupa ya mikono na miguu kwa kujipapasa

Mwaka wangu wa kwanza chuoni mwalimu alinikabidhi mfupa mmoja akauliza maswali mawili: unaitwaje, na ni wa upande gani? Jina nililitoa haraka: klavikula, yaani mtulinga. La pili likanishinda. Niliugeuza, nikaugeuza tena, nikausogeza dirishani kwenye mwanga kama mnunuzi wa dhahabu anayehofia kuuziwa shaba. Mwalimu akanitazama kwa huruma. "Mdogo wangu, unayo miwili hapo hapo ulipo. Si ujipapase?"

Sikuwahi kujipapasa. Nilikuwa nimekariri orodha usiku kucha, majina yakanijaa kichwani na mifupa yenyewe siijui. Wadogo zangu wanaokuja kwangu Mabibo jioni kujisomea siwapi orodha kwanza. Nawapa wanja.

Ndiyo, wanja. Nunua wa penseli, ule wa bei ya chini kabisa, kwa sababu peni haishiki kwenye ngozi yenye jasho, na Dar jasho hulikosi hata Julai. Vaa bukta na singlendi, kaa pekupeku, uwe na kioo karibu. Ukipata mwenzako wa kupapasana naye ni bora zaidi, maana mgongo wako mwenyewe huufikii wote.

Mambo matatu ya kuelewa kabla ya kugusa chochote

La kwanza ni hesabu. Mtu mzima ana mifupa 206. Ya mikono na miguu, pamoja na ile inayoiunganisha na kiwiliwili, ni 126. Kila mkono una 32, kila mguu una 31. Usiikariri, tutaihesabu njiani na mwisho itatoka yenyewe.

La pili ni lugha. Mkono wetu Waswahili unaanzia begani unaishia kwenye kucha, na mguu wetu unaanzia nyonga unaishia kwenye vidole. Kwa maisha ya kawaida inatosha kabisa. Lakini mtu akikuambia "nimevunjika mkono" hajakuambia kitu. Kuna mifupa 32 hapo. Halafu kuna kiwiko. Wengi wetu tukisema kiwiko tunamaanisha pale mkono unapokunjwa, ambapo wengine huita kisugudi au kisukusuku. Lakini wapo, na si wachache, ambao kiwiko kwao ni kile kifundo kilicho juu ya kiganja. Nimeshuhudia watu wawili wakibishana juu ya mgonjwa mmoja, kila mmoja akiwa sahihi kwa Kiswahili cha kwao. Hapa kiwiko ni pale pa kukunjia, na kile kingine nitakiita kifundo cha mkono.

La tatu ni namna ya kusimama. Simama wima, mikono imening'inia, viganja vikitazama mbele. Pande zote hutajwa mwili ukiwa hivyo. Kidole gumba basi kiko upande wa nje na kidole cha mwisho upande wa ndani, hata kama sasa hivi umeweka mkono mezani na mambo yamegeuka. Kulia ni kulia kwa mwenye mwili, anayemtazama hahusiki.

Hatua ya kwanza: mtulinga

Weka kidole kwenye kile kishimo chini ya koo. Kisogeze kidogo pembeni. Utagonga kichwa cha mfupa mnene, wa mviringo. Huo ndio mwanzo wa mtulinga. Ufuate taratibu kuelekea begani huku ukichora kwa wanja. Utaona mstari wako haunyooki. Kwanza unabinuka kwenda mbele, halafu ukikaribia bega unaingia ndani, kama herufi S iliyolazwa. Mwisho wake wa nje ni bapa.

Sasa jibu la swali lililoniangusha linaonekana lenyewe kwenye wanja. Ncha ya mviringo iko kwenye kifua, ncha bapa iko begani, mbinuko mkubwa wa upande wa kifua unatazama mbele, uso laini uko juu na ule wenye mikwaruzo uko chini. Ukiushika mfupa mkavu na kuyatimiza hayo yote, utakubali upande mmoja tu wa mwili.

Mtulinga ndio mfupa pekee unaoufunga mkono kwenye kiwiliwili, mfupa kwa mfupa. Ndio wa kwanza kuanza kuwa mgumu mtoto akiwa tumboni, na ncha yake ya kifuani ni miongoni mwa sehemu za mwisho kabisa kukomaa, mtu akiwa ameshapita miaka 20. Na ni mwepesi kuvunjika. Dereva wa bodaboda akirushwa akaangukia bega, kishindo chote kinapita hapo kwenda kifuani, na mara nyingi unakatika sehemu ya katikati. Utamkuta ameushika mkono wake kwa mkono mwingine, ameinamisha kichwa upande ule. Ukishaliona umbo hilo hulisahau.

Hatua ya pili: kombe la bega

Hili, kitabibu skapula, ni bapa lenye pembetatu, limelala juu ya mbavu kuanzia ya pili hadi ya saba. Peleka mkono wa kulia nyuma ya bega la kushoto upapase. Kuna ukingo mgumu unaopita kama tuta la barabarani. Ufuate nje na juu, utafika kileleni mwa bega, penye kibapa kinachokutana na mtulinga.

Mwambie mwenzako aegemee ukuta kwa viganja na kuusukuma, wewe uangalie mgongo wake. Makombe yatateleza. Hayajagundishwa kwenye mbavu, yanaelea juu ya misuli. Na bakuli lake linalopokea kichwa cha mfupa wa mkono ni la kina kifupi mno, kama chungwa juu ya kisahani cha chai. Kwa hiyo mkono unazunguka kila upande, na kwa hiyo hiyo bega linachomoka kuliko viungo vingine vikubwa vyote.

Hatua ya tatu: mfupa wa mkono wa juu, na pembetatu ya kiwiko

Humerasi imefunikwa na nyama sehemu kubwa, kwa hiyo usipoteze muda katikati. Shuka hadi kwenye kiwiko. Shika kiwiko chako kwa gumba na kidole cha kati: kuna vinundu viwili, cha ndani kimechomoza zaidi. Nyuma yake kuna mfereji mdogo. Ukiugonga kwenye kona ya meza unapata ule umeme unaoshuka hadi kidole cha mwisho. Umeme ule si wa mfupa. Ni mshipa wa fahamu uliopita hapo bila kinga yoyote.

Weka alama ya wanja kwenye vinundu vyote viwili na ya tatu kwenye ncha ya nyuma, ile unayoegemea mezani. Nyoosha mkono. Alama tatu ziko kwenye mstari mmoja. Ukunje kwa pembe mraba. Zimekuwa pembetatu.

Jaribio hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu lina kazi. Mtoto akianguka kutoka kwenye mpera na kiwiko kikavimba, kuna mambo mawili makubwa ya kuogopa: kiungo kimechomoka, au humerasi imevunjika juu kidogo ya kiwiko, jambo linalowapata sana watoto. Kikichomoka, pembetatu inaharibika. Ukivunjika mfupa juu yake, pembetatu hubaki ilivyo maana alama zote tatu ziko chini ya mvunjiko. Hilo halikupi ruhusa ya kumtibu. Linakupa sababu ya kuangalia mkono wenyewe kabla ya mtu kuleta mafuta akaanza kuukanda.

Hatua ya nne: mifupa miwili ya kigasha

Sehemu hii isome ukiwa kwenye basi la mwendokasi. Panda Kimara, ukikosa kiti shika bomba, una muda mpaka Kivukoni.

Kwenye kigasha, yaani kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, kuna radiasi upande wa gumba na alna upande wa kidole cha mwisho. Wanafunzi huzichanganya kila mwaka. Mimi nawaambia hivi: radiasi ni redio, na kitufe cha redio hukizungushi bila gumba. Basi, imekaa.

Sasa kwa mkono ulio huru, shika ile ncha ya nyuma ya kiwiko cha mkono ulioshika bomba, kisha ligeuze shiko lako, kiganja juu, kiganja chini. Ncha haisogei. Ncha ile ni ya alna, na alna imekamata humerasi kama spana. Hamisha kidole kwenye kile kinundu cha nje, shuka upana wa kidole kimoja, ugeuze tena kiganja. Kuna kitu kinazunguka chini ya kidole chako kama kichwa cha bolti. Hicho ni kichwa cha radiasi. Kiganja kikitazama chini, radiasi imevuka juu ya alna na mifupa miwili imekatana. Kufungua kitasa, kukaza balbu, kukamua nguo: kazi zote hizo ni radiasi inaizunguka alna.

Kule chini, kile kinundu kinachojitokeza juu ya kifundo upande wa kidole cha mwisho, kile ambacho kamba ya saa hukisugua, ni mwisho wa alna. Upande wa gumba, juu kidogo ya kifundo, mapigo ya moyo unayasikia kwa sababu mshipa wa damu umepita juu ya radiasi na kidole chako kinaubana kwenye mfupa.

Anayeteleza na kutanguliza kiganja huvunja radiasi hapo karibu na kifundo mara nyingi kuliko mahali pengine, hasa akiwa mtu mzima. Mkono hupinda kama uma uliolazwa. Mpasuaji wa Ireland, Abraham Colles, alieleza mvunjiko huu mwaka 1814, miaka 81 kabla Röntgen hajagundua eksirei. Alitumia macho na vidole, kama wewe sasa.

Hatua ya tano: mifupa minane ya kifundo

Hapa ndipo watu hufunga daftari. Mifupa minane midogo, kama kokoto za bao, imepangwa safu mbili. Ukianzia upande wa gumba, safu iliyo karibu na kigasha ni skafoidi, lunati, triketrali, pisifomu. Safu ya pili, ukianzia tena gumba: trapeziumu, trapezoidi, kapitati, hamati. Chukua herufi za mwanzo uniambie: "Sasa leo tumepika pilau tamu, tena kwa haraka." Sentensi hiyo nimeitunga mwenyewe nikiwa na njaa, na hadi leo hakuna aliyeniletea bora.

Usijaribu kuigusa yote. Gusa miwili.

Pisifomu: kwenye kiganja, pale kilipo kikunjo cha kifundo, upande wa kidole cha mwisho, kuna kidonge kama punje ya choroko kubwa. Ukilegeza mkono unaweza kukitikisa.

Skafoidi: nyoosha gumba kama mtu anayeomba lifti. Nyuma ya mkono, chini ya gumba, kano mbili zinasimama na kati yake kunabonyea. Wazee waliokuwa wakivuta ugoro waliumimina humo, na madaktari nao hukiita hivyo hivyo kishimo cha ugoro. Sakafu ya kishimo hicho ni skafoidi.

Nitakaa hapa kidogo. Binamu yangu alianguka na pikipiki kwenye mchanga, akatanguliza kiganja. Akaenda kupigwa picha, akaambiwa mfupa mzima, umeteguka tu, akapewa dawa za maumivu. Miezi minne baadaye alikuwa hawezi kufungua chupa ya soda. Skafoidi ilikuwa imevunjika tangu siku ile. Ufa wake mara nyingine hauonekani kwenye picha ya kwanza, ndiyo maana mwenye maumivu kwenye kishimo cha ugoro baada ya kuanguka hufungwa kana kwamba amevunjika, na picha hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14. Ubaya wa mfupa huu ni kwamba damu yake inaingilia upande wa vidole na kurudi nyuma. Ukikatika katikati, kipande cha upande wa kigasha kinaweza kukosa damu kikafa. Kwa hiyo bonyeza kishimo chako sasa, ukiwa mzima, ujue mkono mzima unavyojisikia. Siku ukianguka utakuwa na cha kulinganishia.

Hatua ya sita: kiganja na vidole

Kunja ngumi. Vile vifundo vinavyosimama si mwanzo wa vidole kama tunavyodhani. Ni vichwa vya metakapali, mifupa mitano iliyojificha ndani ya kiganja. Fuata mmoja kwa wanja kutoka kwenye kifundo cha ngumi kurudi nyuma, utaona ni mrefu kuliko ulivyofikiri. Kijana anayerusha ngumi ya hasira ukutani huvunja ule wa kidole cha mwisho, shingoni mwake. Bondia aliyefundishwa hutua kwa vifundo viwili vya mwanzo.

Vidole navyo ni pingili. Mzee anayeleta uradi kwa vidole baada ya swala anajua hesabu yake: gumba likipita juu ya vidole vinne linahesabu 12, tatu kila kidole. Gumba lenyewe lina pingili mbili. Jumla 14. Ukijumlisha 8 za kifundo, 5 za kiganja na 14 za vidole unapata 27. Ongeza humerasi, radiasi na alna, kisha kombe na mtulinga: 32.

Hatua ya saba: nyonga na fupa la paja

Weka mikono kiunoni kama mama mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi. Ukingo mgumu ulioushika, ule unaozuia kanga isishuke, ni ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga. Mfupa huu mtoto huuanza ukiwa mitatu, iliamu, iskiamu na pubisi, na huungana kuwa mmoja katika umri wa kubalehe. Ile sehemu ya iskiamu unaijua bila kufundishwa: kaa kwenye kiti cha daladala kilichoisha sponji, kutoka Mbagala hadi mjini, utaisikia kushoto na kulia.

Kiungo chenyewe cha nyonga kiko ndani sana, usawa wa kinena. Watu hujipiga ubavuni mwa paja, kwenye lile nundu unalolilalia ukilala upande, wakasema "nyonga inaniuma". Lile nundu tayari ni fupa la paja, femuri. Kichwa chake cha duara kimezama ndani kwenye bakuli la kina kirefu, tofauti kabisa na kisahani cha bega, na kati ya kichwa na nundu kuna shingo iliyokwenda mshazari. Bibi akianguka chooni, shingo hiyo ndiyo inayokatika.

Femuri ndiyo ndefu kuliko mifupa yote, takriban robo ya kimo cha mtu. Na ni ngumu. Ikivunjika katikati kwa ajali ya barabarani, paja linaweza kumeza lita moja hadi moja na nusu ya damu bila tone kuonekana nje. Kumbe aliyevunjika paja si mtu wa kubebwa mgongoni mwa pikipiki akawahishwe. Mlaze, mguu usivutwe, ufungwe kwa ubao au ufungwe pamoja na ule mguu mwingine usioumia, na apelekwe akiwa amelala.

Hatua ya nane: pia ya goti

Kaa sakafuni, mguu umenyooka na umelegea kabisa. Shika pia ya goti kwa vidole viwili uisukume kulia na kushoto. Inacheza. Kaza paja. Imeganda. Anayeitwa pia ni yule yule wa watoto, wa kuzungushwa kwa kamba, na ukiitoa patela ukaishika utaelewa aliyeipa jina alikuwa anatazama vizuri. Imelala ndani ya kano ya misuli ya paja. Mtoto mchanga anayo lakini bado ni gegedu, huanza kuwa mfupa akiwa na umri wa kati ya miaka mitatu na sita.

Hatua ya tisa: muundi na fito

Chini ya goti kuna tibia, muundi wetu, na fibula. Nani yuko wapi? Mfikirie fundi wa nyumba ya udongo. Nguzo hubeba paa, fito hufungwa pembeni. Fibula ni fito: nyembamba, iko nje, hubeba uzito kidogo tu. F kwa F.

Muundi upapase wote, kuanzia nundu lililo chini ya pia hadi kwenye kifundo. Ukingo wake wa mbele hauna nyama, ni ngozi na mfupa, ndiyo maana ukijigonga kwenye stuli gizani machozi yanatoka. Ndiyo maana pia ukivunjika ni rahisi kutoboa ngozi ukatoka nje. Ukiona hivyo usiurudishe ndani; funika kwa kitambaa safi na uelekee hospitali.

Kichwa cha fibula kiko nje ya mguu, chini kidogo ya goti. Shingoni pake unapita mshipa wa fahamu unaoinua wayo. Plasta ngumu, hogo kama wengine wanavyoliita, ikibana hapo mgonjwa anaweza kushindwa kuinua vidole. Akilalamika ganzi usimwambie avumilie. Kwenye kifundo cha mguu, nundu la ndani ni la tibia na la nje ni la fibula. La nje liko chini zaidi. Chora mistari miwili uone.

Hatua ya kumi: wayo

Hapa nenda ufukweni, Coco au Kigamboni, asubuhi maji yakiwa yametoka. Kanyaga mchanga mbichi halafu ugeuke utazame. Kisigino kimeacha duara, vidole vimeacha nukta, upande wa nje kuna utepe, na upande wa ndani hakuna kitu. Pale pasipo kitu ndipo lilipo tao.

Nyuma ya wayo, tao hilo linapoanzia, kuna mifupa saba. Kalkaneusi ni kisigino, mkubwa kuliko yote saba. Juu yake imekaa talusi, imebanwa na yale manundu mawili ya kifundo. Uzito wako wote unapita juu yake na hakuna hata msuli mmoja ulioshikizwa kwake. Mbele kuna navikula upande wa ndani, kuboidi upande wa nje, na kuneifomu tatu. Halafu metatasali tano, ndugu wa metakapali za kiganja, halafu pingili 14 za vidole. Jumla 26, moja pungufu ya mkono, kwa sababu hapa nyuma ni saba, si nane. Ukiongeza femuri, pia, tibia, fibula na mfupa wa nyonga: 31.

Pitisha kidole ukingo wa nje wa wayo. Katikati ya safari kuna kinundu. Ni mwanzo wa metatasali ya tano. Anayekanyaga shimo wayo ukapinduka ndani huumia hapo mara nyingi, na kila mtu atamwambia ni kifundo tu.

Hatua ya kumi na moja: buchani

Sasa umejua wa kwako, katazame wa mwenzako. Muuza nyama atakuuliza: mkono au paja? Unaona, anaijua kazi. Nunua mkono wa mbuzi, umwombe asiupige shoka.

Kombe utalitambua papo hapo, na lile tuta lake. Mtulinga utautafuta usiupate, maana mbuzi hana. Mkono wake umeshikwa na misuli peke yake. Radiasi na alna zimegandana, kwa hiyo mbuzi hawezi kugeuza kiganja juu hata umfanyeje. Halafu kile unachokiita goti lake la mbele, likunje uangalie: kuna vifupa vidogo vidogo safu mbili. Ni kifundo cha mkono. Mfupa mrefu ulio chini yake ni metakapali mbili zilizoungana, na kwato ni ncha za vidole viwili, cha kati na cha pete. Mbuzi anatembea maisha yake yote kwa ncha za vidole. Mguu wa nyuma, ile ncha inayotazama nyuma, ambayo watoto hudhani ni goti limegeuzwa, ni kisigino.

Ukila kongoro fanya hivyo hivyo. Kabla ya kunyonya uboho pangilia pingili kwenye sahani, kubwa hadi ndogo. Mhudumu atakushangaa kidogo, kisha atakuletea limau.

Hatua ya mwisho: funga macho

Mwenzako akuguse popote kuanzia mtulinga hadi kidole cha mwisho cha mguu, wewe utaje mfupa na upande. Jina la Kiswahili likija kwanza, sawa, la kitabibu litafuata. Ukikosa, usifungue daftari. Peleka kidole chako pale pale kwenye mwili wako, ufuate mfupa hadi mwisho wake, kisha ujibu tena. Mkishamaliza, wanja unatoka kwa mafuta ya nazi na kitambaa, si kwa maji. Mimi siku moja nilifuta mikono nikasahau miguu, nikapanda daladala ya Gongo la Mboto na bukta, "FITO" imeandikwa kwa herufi kubwa pembeni ya ugoko. Konda alisoma kwa sauti.